Gari la Kuvuta Mbele na Swali la Matairi Manne

Katika nchi za theluji kuna swali linalorudi kila mwaka majani ya miti yanapoanza kupukutika: je, mwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele anunue matairi manne ya majira ya baridi, au mawili ya mbele yanamtosha? Kwa mtu wa Gisenyi swali hili laweza kuonekana la kuchekesha. Mji uko ufukweni mwa Ziwa Kivu, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, karibu na ikweta. Joto la mchana huzidi nyuzi 20, na weupe unaofanana na theluji huonekana mara chache tu, juu kabisa ya Karisimbi, mita 4,507, baada ya usiku wa baridi na mvua. Hata hivyo swali hilo limekwisha kuingia mjini bila kubisha hodi, kwa sababu limekuja limefungwa kwenye rimu. Rwanda huendesha kulia na haisajili magari madogo yenye usukani wa kulia, kwa hiyo magari yake mengi ya mtumba hutoka kwenye masoko ya usukani wa kushoto, Ulaya ikiwemo. Ng'ambo ya mpaka, Goma, usukani wa kulia umezoeleka, na magari yaliyotumika Japani yamejaa barabarani. Ukiinama kando ya gari la aina yoyote kati ya hizo mbili unaweza kukuta ubavuni mwa tairi herufi M+S, au mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake, au neno STUDLESS. Mara nyingi hayo ni matairi ya baridi. Mara nyingine yapo manne, mara nyingine mawili, na mara nyingine ni moja tu lililookotwa sokoni ili liendane na ukubwa wa rimu.

Hoja yangu ni kwamba ndani ya swali hilo kuna maswali mawili yaliyosokotana, na inafaa kuyatenganisha. La kwanza ni la aina: tairi la baridi linafaa hapa? Halifai, na linaweza hata kudhuru. La pili ni la idadi: gari linalovuta kwa mbele linaweza kuvishwa matairi mazuri mbele tu, ya nyuma yakaachwa yajikokote? Hapo nako jibu ni hapana, na kwenye barabara ya kutoka Musanze kushuka Rubavu, wilaya ya mji wa Gisenyi, jibu hilo lina uzito zaidi kuliko katika miji mingi ya Ulaya iliyo tambarare. Theluji iliwafundisha watu wa kaskazini upesi kwamba gari ni la matairi manne, kwa kuwa theluji haina subira. Lakini kanuni yenyewe inahusu utelezi, hasa utelezi wa kwenye mteremko, na huo Gisenyi inao kwa miezi mingi ya mwaka.

Tuanze na gari. Toyota Corolla ilianza kuhamishia mvuto mbele mwaka 1983, Vitz ilizaliwa hivyo mwaka 1999, na Volkswagen Polo iliyoanza kuunganishwa Kigali mwaka 2018 ni ya kuvuta mbele pia. Katika magari ya namna hii injini na giaboksi zimelundikwa mbele, na dereva akiwa peke yake karibu asilimia 60 ya uzito wa gari hukaa juu ya magurudumu mawili ya mbele. Magurudumu hayo yanavuta, yanakata kona na, breki ikikanyagwa, yanabeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha kwa sababu uzito wa gari huinamia mbele. Ndiyo maana matairi ya mbele hulika haraka. Mwenye gari akifika kwa fundi tairi huoneshwa jambo lilelile kila mara: mbele kashata zimekwisha, nyuma bado zinaonekana. Uamuzi unajileta wenyewe. Nunua mawili, funga mbele, nenda zako. Kila hatua ya hoja hiyo ni ya kweli, isipokuwa hitimisho lake.

Mazoea ya kununua mawili yana historia, na historia hiyo inaeleza kwa nini kosa hili limeenea kwa watu wenye akili zao timamu. Zamani magari mengi madogo yalivutwa na magurudumu ya nyuma. Kwetu ilikuwa enzi ya Peugeot 404 na 504, magari yaliyoshinda Safari Rally mara kadhaa kati ya mwaka 1963 na 1978, kisha yakasomba abiria katika nchi nyingi za Afrika. Katika enzi hiyohiyo madereva wengi wa Amerika Kaskazini walifunga matairi ya theluji nyuma tu, penye mvuto, na mbele wakabaki na ya kawaida. Gari la namna hiyo halikukata kona vizuri kwenye barafu, lakini nyuma palishika. Gari lililoshika nyuma likiteleza huelekea mbele moja kwa moja, na dereva wa kawaida, ambaye silika yake ni kupunguza mwendo na kushikilia usukani, ana nafasi ya kulirudisha. Kanuni iliyobaki vichwani ikawa moja: tairi zuri liende panapovuta. Mvuto ulipohamia mbele, kanuni ikahama nao, na hapo ndipo ilipogeuka. Tairi zuri likaenda mbele, na nyuma pakaachwa pateleze. Kanuni iliyomlinda dereva wa 504 bila yeye kujua ndiyo inayomponza dereva wa Vitz.

Barabara yenyewe sasa. Kutoka Kigali hadi Rubavu ni kilomita 155 hivi, na sehemu ndefu zilizonyooka ni chache. Baada ya Musanze barabara hupanda kupita Nyabihu, nchi ya viazi na baridi, ambako Mukamira na Bigogwe ziko juu ya mita 2,000, kisha huanza kushuka kupitia Mahoko hadi ziwani. Kati ya Bigogwe na ufukwe gari hupoteza mamia ya mita za kimo, na sehemu kubwa ya mteremko huo ni kona. Mvua huwa na misimu miwili mikubwa, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Desemba, na udongo wa volkano uliolimwa hadi ukingoni mwa lami hushuka pamoja na maji. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na mto Sebeya ulivamia makazi ya Rubavu. Tukio kubwa la namna ile hukumbukwa na kila mtu. Kisichokumbukwa ni toleo lake dogo, la kila wiki ya msimu: utando mwembamba wa tope kwenye kona moja tu, mahali ambapo mfereji umeziba, au matone ya kwanza ya mvua juu ya lami iliyokusanya vumbi na mafuta ya malori kwa miezi miwili ya kiangazi. Utelezi huo haudumu saa nzima. Unadumu mita thelathini, na dereva anaufikia akiwa katika mwendo wa barabara kavu.

Hapa hesabu ya fizikia ya sekondari inatosha. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kwenye lami tambarare iliyolowa lakini likiwa na matairi mazuri, tuchukue msuguano wa 0.7: breki zikishashika, gari husimama baada ya mita 20 hivi. Weka gari lilelile kwenye mteremko wa asilimia 8, umbali unakuwa mita 23. Tofauti ni ndogo, na dereva haihisi. Sasa shusha msuguano hadi 0.4, yaani tope jepesi au tairi lililochoka. Kwenye tambarare gari linahitaji mita 35, na kwenye mteremko uleule mita 44. Mteremko ambao ulikuwa ukiongeza mita zisizofika 3 sasa unaongeza 9. Mlima unadai sehemu yake ya msuguano kwanza, na msuguano ukipungua, kinachobaki kwa ajili ya breki hupungua haraka zaidi. Kwa hiyo mtu anayelinganisha matairi yake na ya binamu yake aliyeko mji tambarare, hata kama mji huo una theluji kila Januari, analinganisha mambo mawili tofauti.

Lakini urefu wa kusimama ni nusu ya jambo, na kama ungekuwa ndio jambo lote, wanaofunga mapya mbele wangekuwa na hoja. Nusu nyingine ni mwelekeo. Gari likishuka, uzito tayari umeinamia mbele kabla breki haijaguswa, na magurudumu ya nyuma yamekuwa mepesi. Dereva ameingia kwenye kona kwa mwendo aliouzoea. Usukani unamwambia kila kitu ni shwari, maana anachokihisi mikononi ni matairi ya mbele, na hayo ni mapya. Hakuna kitu ndani ya gari kinachomletea habari za nyuma, isipokuwa kiti chake, na kiti huchelewa. Mbele yake lori la viazi linatambaa. Anaachia mafuta, labda anagusa breki. Uzito unakimbilia mbele zaidi, magurudumu ya mbele yanang'ang'ania lami, ya nyuma yanaachia, na nyuma ya gari inaanza kutafuta njia ya kupita mbele. Kutoka hapo dereva ana muda usiofika sekunde mbili kufanya jambo ambalo silika inamkataza: kugeuza usukani kuelekea kule nyuma inakoserereka bila kukanyaga breki. Madereva wa mashindano hulifanya. Wengine wote hukanyaga breki, na gari huzunguka. Wasukuma chukudu wa Goma, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, wanalijua jambo hili kwa miguu yao: breki ya chukudu huwekwa kwenye gurudumu la nyuma, kwa sababu mzigo ukishuka mlima huku ukizuiwa mbele tu, mkia hutaka kutangulia.

Ndiyo sababu Michelin na watengenezaji wengine wakubwa wa matairi wanashauri jambo linaloshangaza watu wengi: ukinunua matairi mawili tu, mapya yafungwe nyuma, gari livute mbele au nyuma. Na ndiyo sababu Transport Canada, idara ya usafiri ya serikali ya Kanada, inawaambia madereva wafunge matairi manne ya baridi, na haiwapunguzii wenye gari la kuvuta mbele hata tairi moja. Sheria za nchi za baridi zimefuata mkondo huohuo. Ujerumani ilikaza sheria yake tarehe 4 Desemba 2010. Uswidi imeyalazimisha matairi ya baridi tangu mwaka 1999, kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi kama barabara iko katika hali ya majira hayo. Québec, waliko Wanyarwanda, Warundi na Wakongo wengi, imeyalazimisha tangu mwaka 2008, na tangu 2019 kipindi chake kinaanza 1 Desemba hadi 15 Machi. Kwa magari madogo, hakuna hata moja kati ya sheria hizo inayouliza ni magurudumu gani yanayovuta. Kuvuta ni suala la kuondoka, na sheria zile zinashughulika na kusimama na kupinda.

Kuna pingamizi la haki hapa, na wataalamu wa matairi wenyewe hawalijibu vya kutosha. Mapya yakienda nyuma, mbele hubaki yaliyolika, na kazi kubwa ya breki iko mbele. Je, hatujampa dereva gari linalonyooka vizuri kuelekea kwenye lori asiloweza kulikwepa? Ni kweli kwamba gari lenye kashata hafifu mbele huchelewa kusimama kwenye maji na hukataa kona. Lakini angalia ni kosa gani lenye onyo. Matairi ya mbele yakianza kuchoka, usukani huwa mwepesi kwenye maji, gari hupanuka kwenye kona, na dereva hupunguza mwendo wiki nyingi kabla ya ajali. Nyuma haitoi onyo; inashika mpaka dakika inayoachia. Kwa hiyo ushauri wa kufunga mapya nyuma una sharti lisilotajwa sana: yanayohamia mbele lazima yawe bado na uhai. Kikomo cha sheria ya Ulaya ni kina cha milimita 1.6, na tairi jipya huanza na milimita 8 hivi. Kati ya hapo, uwezo wa kusukuma maji haupungui kwa usawa. Tairi la milimita 2 bado ni halali, lakini kwenye mvua ya Nyabihu limekaribia kuwa kipara.

Wengine watasema mwendo wetu ni mdogo. Mabasi ya abiria yamefungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 60 kwa saa, kamera ziko barabarani, na kampeni ya Gerayo Amahoro iliyoanzishwa na Polisi ya Taifa mwaka 2019 imebadilisha tabia za madereva wengi. Yote ni mazuri, na ndiyo maana nimefanya hesabu zangu kwa kilomita 60 badala ya 100. Mita 44 kwa mwendo halali bado ni mita 44. Wengine watataja vifaa. Breki za ABS huzuia magurudumu yasijifunge ili dereva aendelee kupinda. Haziongezi msuguano ambao tairi halina. Mfumo wa kudhibiti uthabiti, ule unaobana breki ya gurudumu mojamoja gari linapoanza kuzunguka, ni msaada mkubwa kuliko ABS, lakini Ulaya iliulazimisha kwa magari yote mapya mwaka 2014 tu, na magari mengi ya mtumba katika ukanda huu ni ya kabla ya hapo. Hata lililo nao halivuki kiasi cha msuguano kilichopo. Mwenye RAV4 inayovuta kwa magurudumu manne naye asijione ameepuka swali. Mvuto wa magurudumu manne unamwezesha kuondoka kwenye tope, na kwenye kushuka humwacha na matairi yaleyale manne kama ya mwenzake, pamoja na hatari ya kuumiza difu endapo matairi ya mbele na nyuma yametofautiana sana kwa kipenyo.

Basi turudi kwenye aina. Tairi la baridi ni kazi ya ustadi mkubwa. Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini chini ya nyuzi 7 hivi, halijoto ambayo tairi la kawaida huanza kukakamaa, na kashata zake zimechanjwa mikato mingi myembamba inayoing'ata theluji. Wajapani walilikuza zaidi kwa lazima: matairi yenye misumari yalichimba lami na kujaza vumbi mijini mpaka sheria ya mwaka 1990 ikayapiga vita, na matairi laini yasiyo na misumari, kama Blizzak ya Bridgestone iliyotoka mwaka 1988, yakachukua nafasi. Ulaini na mikato hiyohiyo vikiletwa kwenye lami ya Gisenyi saa nane mchana huwa udhaifu. Kashata huyumba chini ya uzito wa gari, breki hurefuka, usukani hujibu kwa kuchelewa, na mpira hulika upesi. Hata Mukamira, alfajiri ya Julai, halijoto kwa kawaida haishuki hadi kiwango ambacho tairi hilo lilitengenezewa.

Ubaya zaidi ni kwamba tairi la baridi linalofika huku kama mtumba mara nyingi limekwisha kupoteza hata kile lilichojua. Austria, kwa mfano, hailihesabu tena tairi la kawaida la baridi la gari dogo kuwa la baridi likishuka chini ya milimita 4, na madereva makini wa Ulaya hubadilisha hapo. Milimita 3 au 4 zilizobaki zinaonekana nyingi kwa mnunuzi wa Gisenyi aliyezoea kupima kwa jicho, na muuzaji hasemi uongo akisema kashata zipo. Kilichokwisha ni mpira. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna duaradufu ndogo yenye tarakimu nne za mwisho: 3816 maana yake wiki ya 38 ya mwaka 2016. Mpira wa miaka tisa au kumi umekauka, ukibonyezwa kwa ukucha haubonyei, na mara nyingine nyufa nyembamba zimeshaanza kati ya kashata. Tairi la namna hiyo limekuwa gumu kwa baridi na bado linayumba kwa joto. Yakifungwa mawili ya namna hiyo nyuma ya Corolla, pamoja na mapya mawili yaliyonunuliwa kwa ajili ya mbele, tunakuwa tumekusanya makosa yote ya habari hii katika gari moja.

Atatokea wa kusema: lakini tope si sawa na theluji, na kashata kubwa za tairi la baridi hazisaidii kwenye tope? Kwenye njia ya udongo ya kupandia shambani, kwa mwendo wa kutembea, husaidia kiasi. Kwenye utando wa tope juu ya lami hazisaidii, kwa kuwa hapo kinachotakiwa ni mifereji ya kutoa maji na mpira unaoshika lami ya uvuguvugu. Na mvua ya mawe? Nyanda zetu za juu zinaijua vizuri. Septemba 2008 kule Busara karibu na Nyahururu, Kenya, mawe yalifunika ardhi hadi wakazi wakadhani ni theluji na watu wakaja kutazama. Jambo la saa chache hutatuliwa kwa kuegesha gari.

Kwa Gisenyi, kinachofaa ni tairi la kawaida lenye sifa nzuri kwenye maji. Ulaya imeweka lebo kwenye matairi tangu mwaka 2012, na tangu Mei 2021 alama ya mshiko kwenye maji, iliyochorwa kwa wingu la mvua, huenda kutoka A hadi E. Ni habari ndogo yenye thamani kubwa kwetu kuliko kwa Mjerumani, na ni nadra kusikia mnunuzi akiiulizia. Zamani tulikuwa na viwanda vyetu: General Tyre ya Arusha, na kile cha Nairobi kilichotengeneza Yana na kusimamisha uzalishaji mwaka 2016. Siku hizi matairi ya magari madogo ya Afrika Mashariki huagizwa kutoka nje, na yamebuniwa kwa barabara za watu wengine, kwa hiyo kusoma ubavu wa tairi ndiyo njia iliyobaki ya kuchagua.

Pingamizi zito kuliko yote ni pesa. Matairi manne kwa mpigo ni mzigo, na kumwambia mwenye teksi anunue mapya wakati ya nyuma bado yana kashata kunaonekana kama anasa ya mwenye mshahara. Lakini tupige hesabu. Tuseme tairi la mbele linadumu kilomita 30,000 na la nyuma 60,000. Anayenunua mawilimawili, katika kilomita 120,000 atakuwa amebadilisha mbele jozi nne na nyuma jozi mbili, jumla matairi 12. Mwenzake ananunua manne pamoja na kuyabadilishana mbele na nyuma kila kilomita 10,000 au pungufu. Yake yanalika kwa kadiri moja na kwisha yote baada ya kilomita 40,000, naye katika kilomita 120,000 atakuwa amenunua seti tatu. Ni matairi 12 vilevile. Tofauti iko kwenye siku ya kulipa, na hilo ni tatizo la mkusanyo wa fedha, ambalo watu wa hapa wana dawa yake ya siku nyingi. Ikimina, yaani kikundi cha kuchangiana akiba, kinacholipa ada ya shule na mabati kinaweza kulipa matairi manne, endapo wanachama, wengi wao wakiwa madereva, watakubali kulihesabu hilo kuwa hitaji la kupangwa badala ya dharura ya siku tairi linapopasuka.

Wala cheti cha ukaguzi kisimpumzishe mtu. Kwenye kituo cha polisi cha kukagua magari, Remera au mikoani, mashine hupima nguvu ya breki gurudumu kwa gurudumu juu ya roli, ndani ya jengo, gari likiwa limekaa sawa. Mashine hiyo inakamata breki mbovu, na ni kazi ya maana. Haiwezi kusema kitakachotokea wakati jozi mbili za matairi zenye tofauti ya umri wa miaka minane zinapokutana na tope kwenye kona ya kushuka Mahoko.

Anayeweza kununua mawili tu leo, basi, ayafunge nyuma, ahamishie mbele yaliyokuwa nyuma ikiwa bado yana angalau milimita 4, na aanze kuweka akiba ya mawili mengine. Ikiwa hata yale ya nyuma hayafiki hapo, gari hilo linahitaji manne sasa hivi, na msimu wa mvua si wakati wa kulibembeleza. Fundi atashangaa, na huenda akabisha, kwa sababu amekuwa akifunga mapya mbele maisha yake yote. Ana sababu nyingine pia, isiyotajwa. Kufunga mapya mbele ni kufungua magurudumu mawili. Kuyafunga nyuma ni kufungua manne, kupandisha jeki pande zote, kukaza nati mara mbili zaidi na kupima upepo upya, kazi ya nusu saa ya ziada ambayo hakuna mteja anayeilipia asipoambiwa ni ya nini.